Hela Zilizokataliwa

Anayesema pesa ni pesa hajawahi kulipa kliniki Uvira. Aje asimame mbele ya dirisha la Placide, mshika fedha wa kliniki moja ya mtu binafsi, akiwa na noti ya dola hamsini iliyolala ndani ya msahafu miaka mingi ili isipate mkunjo. Amwone Placide anavyoiinua kwenye mwanga, anavyofumba jicho moja, anavyoigeuza juu chini, halafu anavyoirudisha kwa ncha za vidole kana kwamba imetoka chooni.

"Iko na tundu," Placide alisema.

"Tundu gani?" akauliza Mama Hakimu.

"Hapa, karibu na sikio ya huyu muzungu."

Mama Hakimu aliazima miwani ya mumewe, Mzee Kitenge, aliyekuwa amesimama nyuma yake. Alilitafuta tundu hilo mpaka shingo ikamuuma. Lilikuwa tundu la pini, hata chawa asingepenya. Siku mwanawe Hakimu alipooa, shemeji mmoja alimtunza mama wa bwana harusi kwa kumbandika noti hiyo kifuani, na watu wote walipiga vigelegele. Hakuna aliyejua kwamba siku ile ile pesa ilikuwa imekufa.

"Basi uihesabu kama arobaini," alisema Mama Hakimu.

"Mama, minye sikuweka hiyo sheria. Dola ya tundu haipite. Ya alama haipite. Ya kupasuka haipite." Placide alikuwa amesharudi kwenye simu yake. "Muache bengine basogee."

Nyuma yao kulikuwa na mstari wa watu, na mmoja kati yao alicheka kwa pua. Mzee Kitenge alivua miwani usoni mwa mkewe, akaifuta kwa kanzu, akasema, "Kijana, ile feza ilikuwa muzima mpaka weye ulipoiangalia." Placide hakuinua kichwa.

Nyuma ya jengo hilo kulikuwa na chumba chenye mlango mmoja na mlinzi mmoja. Humo ndimo alimokaa Upendo, mke wa Hakimu, na binti yake mchanga. Upendo alipasuliwa ili mtoto atoke, akapona, daktari akasaini kwamba anaweza kwenda kwake, na hapo ndipo kifungo kilipoanza. Asiyemaliza kulipa hatoki. Kitanda alishapewa mgonjwa mwingine, Upendo na wenzake wakalazwa kwenye mikeka, lakini bei ya kitanda iliendelea kuongezwa kila kukicha. Kama hukuelewa, nirudie: kitanda hana, na kitanda analipa. Siku ya saba ilimkuta humo humo. Mtoto hakunyolewa nywele za tumboni wala hakupewa jina mbele ya watu, kwa sababu mlinzi alisema kliniki si msikiti.

"Wameleta tena mashuka tufue," Upendo alimwambia mkwewe kupitia nondo za dirisha. Alikuwa amejifunga kanga chini ya kifua, mkono mmoja ukishikilia mshono.

"Usifue."

"Nisipofua, mutoto hapati maji ya moto. Lakini Jolie njo anafua yangu na yake, anasema mushono yake ilishakauka."

Jolie alikuwa nyuma yake, mwanamke mrefu wa Luberizi, mkulima wa mpunga, akimbembeleza mtoto wake mwenyewe begani. Alifungiwa humo kabla ya Upendo. Mume wake alikuja mara moja, akaona jumla ya deni, akasema anakwenda kuuza mpunga, na tangu hapo hata simu yake haiiti. Alimpungia Mama Hakimu mkono kwa adabu, kama mtu aliye nyumbani kwake anayepokea wageni.

*

Nyumbani kwao, mtaa wa Songo, hakukuwa tena na kitu chenye waya. Hakimu alikuwa karani wa mizigo kwenye meli za bandari ya Kalundu, lakini tangu vita visogee meli zililala, na benki iliyokuwa na mishahara yao ikafunga milango bila kumwambia mtu kwaheri. Aliuza televisheni, akauza pasi, akauza pikipiki kwa mtu aliyeipiga mateke magurudumu kabla ya kutaja bei. Jumla yote ilitosha kulipia dawa na nyuzi. Upasuaji wenyewe na kitanda kisichokuwepo vilibaki.

Jioni hiyo hiyo Mzee Kitenge aliingia chumbani, akatoka na kopo la maziwa ya unga lililoshika kutu, akaliweka katikati ya mkeka.

"Uza," alimwambia mwanawe.

Mama Hakimu alilijua kopo hilo na alilichukia. Zamani walikuwa na duka Kalundu, la chumvi, mafuta na sindano. Walikuwa wakija watu na pesa zilizokwisha kufa: franka ya wakati wa Wabelgiji iliyokutwa ndani ya chungu cha bibi, hela ya Mjerumani iliyofukuliwa na jembe, rupia iliyovuka ziwa na mababu. Kila duka liliwafukuza. Mzee Kitenge alizipokea, akawapimia chumvi. Mkewe akigomba, alimjibu, "Mutu amekuja na feza mu mukono, minye nimwambie haina maana?" Mama Hakimu alisema mpaka akachoka kwamba duka halikuuawa na maji ya ziwa yaliyopanda, maji yalikuta maiti. Na kopo lenyewe alikatazwa kuligusa. Mwaka wa kwanza wa ndoa mumewe alimwambia, "Hii usiguse," akaishia hapo, na mwanamke naye ana kiburi chake, hakuuliza.

"Baba, nani atanunua hizi?" Hakimu aliuliza. Alichota mkono mmoja. Zilikuwa nyeusi, nyingine za kijani.

"Iko batu banazitaka. Weye si unakaa ndani ya simu siku nzima? Utafute humo humo."

Kabla hajaliacha kopo, mzee aliingiza mkono mpaka chini, akatoa kifundo cha kitambaa, akakitia mfukoni. Mkewe alimwona.

*

Hakimu alizipanga sarafu juu ya kanga ya mama yake, akazipiga picha, akaziweka Facebook kwenye kundi la wapenda vitu vya kale. Aliandika bei, akafuta, akaandika "tuelewane".

Majibu ya kwanza yalikuwa ya watu wasio na kazi. Mmoja alisema hizo ni za uchawi. Mwingine alitaka atumiwe kwanza pesa ya usafiri ili aje anunue. Wengi zaidi walitaka ramani. Uvira nzima, ukitaja Mjerumani, kila mtu anajua kwamba Mjerumani alikimbia akaacha zahabu chini ya ardhi, na mwenye sarafu yake lazima anajua mahali. Hakimu aliapa kwamba hajui. "Usitufiche, ndugu," waliandika. "Tugawane." Kila ujumbe ulikula mega za intaneti alizozinunua kwa kukosa chakula cha mchana.

Halafu akaja Térence. Alizaliwa Uvira, sasa alikuwa Ubelgiji, ana duka la sarafu, na aliandika Kiswahili cha nyumbani. Hakuuliza habari ya ramani. Aliomba picha ya kila moja kwa karibu, mbele na nyuma. Hakimu alipiga picha mlangoni, penye mwanga, mpaka simu ikazima. Kesho yake Térence alitaja bei, na Hakimu aliisoma kwa sauti mara mbili kwa sababu baba yake hakuamini mara ya kwanza. Ilitosha deni lote la kliniki, na mbuzi wa mtoto, na nauli ya kumrudisha Upendo kwa teksi kama watu.

"Atatuma dada yake Nicole, ule wa hapa Uvira, Jumamosi," alisema Hakimu. "Anakuja na dola mukononi. Ataangalia sarafu moja moja, akimutumia kaka yake picha, analipa."

"Moja moja?" Mama Hakimu aliuliza.

"Moja moja, mama. Batu ya hii kazi banaangalia sana."

Mama Hakimu hakulala vizuri tangu hapo. Alimwona Placide na jicho lake lililofumbwa. Pesa ya mzungu imekataliwa kwa tundu la pini, pesa iliyolala ndani ya msahafu. Sasa mgeni aletewe vyuma vyeusi vyenye uchafu wa makaburi, aviangalie moja moja, halafu avipokee? Wanaume hawa wana akili kweli? Kila mtu Uvira anajua jinsi ya kukabidhi pesa. Unainyoosha, unaipiga pasi, unafuta alama kwa kitambaa chenye maji kidogo, unamwomba Mungu.

*

Ijumaa, baba na mwana walipokwenda kusali, Mama Hakimu alipanga sufuria zake kichwani na ndani ya sufuria ya katikati akatia sarafu alizozitaka Térence. Bomba la Songo lilikuwa kavu, hivyo hakuna aliyemshangaa kumwona akishuka ziwani. Wanawake walikuwa wamejaa ufukweni na vyombo vyao. Pale mwanamke hupimwa kwa sufuria. Ukiitoa majini na bado ina weusi wa moto kitakoni, wenzako watakuuliza kama mgongo unauma.

Alizimwagia sarafu ndimu kwanza, akaziacha zilie. Akapaka jivu. Akachukua mchanga laini, ule wa mahali wimbi linaporudi, akasugua kwa kitambaa cha gunia, sarafu moja baada ya nyingine, pande zote mbili. Weusi uliondoka kwa shida, ukashuka na maji. Chini yake kukatokea njano. Kukatokea taji. Kwenye franka kukatokea tembo, ambaye Mama Hakimu aliishi naye nyumba moja maisha yote ya ndoa yake bila kujua kwamba yumo. Akasugua na tembo.

"Mama Hakimu, umetoa wapi zahabu?" aliuliza Bella, jirani yake, akiwa amepiga magoti pembeni na masinia yake.

"Zahabu gani? Ni taka ya muzee."

"Basi taka yake inangaa. Minye ningevaa."

Mama Hakimu alicheka, kicheko cha kwanza tangu Upendo aende kujifungua. Vidole vilikuwa vimechubuka na ndimu ilikuwa inamchoma, lakini alipozifunga zile sarafu kwenye leso safi alijiona mtu aliyefanya kazi yake. Sasa aje huyo dada. Aje na miwani miwili akitaka.

*

Nicole alikuja Jumamosi asubuhi, amevaa vizuri, na kwa adabu akavua viatu mlangoni ingawa sakafu ilikuwa ya udongo. Mama Hakimu alimpa chai yenye sukari ya Bella. Halafu akaleta sahani iliyofunikwa kwa kitambaa cheupe, akaiweka mbele ya mgeni, akafunua.

Mzee Kitenge alikuwa anakunywa chai. Hakuimeza. Alibaki na kikombe mdomoni, macho kwenye sahani, kisha akakiweka chini taratibu sana.

Nicole alipiga picha, akazituma, wakangoja. Simu ikaita, akaiweka sauti ya juu ili wote wasikie.

"Hizi si zile," ilisema sauti ya Térence.

"Njo zenyewe, kaka," alijibu Hakimu. "Ona tembo, ona taji."

Huko aliko gari lilipita. "Nani amezisugua?"

"Minye, mwanangu," alisema Mama Hakimu, amejikaza kwa fahari. "Kwa ndimu na muchanga. Ziko safi sasa, haina hata alama."

"Mama." Térence alivuta pumzi. "Ule weusi njo nilikuwa ninanunua."

Hakuna aliyeelewa. Ikabidi aeleze, na alieleza kwa upole, jambo ambalo ni baya zaidi. Kwamba weusi ni umri. Kwamba unakuja polepole na ukiondolewa haurudi. Kwamba mchanga umekula mistari ya taji, na mnunuzi yeyote wa Ulaya atauona mkwaruzo huo na kucheka. "Sasa ni shaba tu, mama. Minye nami niko na kodi ya duka, siwezi kununua shaba."

"Upunguze basi," alisema Hakimu. "Upunguze hata nusu, kaka. Iko mutoto ndani kule."

"Hata robo hazifikie. Pole sana. Lakini kila mutu anajua, sarafu ya zamani haisuguliwe. Nicole, uwaachie ya chai."

Kila mtu. Kila mtu nani? Kila mtu mwenye duka Ubelgiji na kioo cha kukuza vitu vidogo. Hao ndio kila mtu. Mwanamke wa Songo anayefukuzwa dirishani kwa tundu la pini, huyo hayumo katika kila mtu, na hakuna aliyemtumia ujumbe.

Nicole alitoa noti za franka, akaziweka ukingoni mwa sahani, macho chini. Mama Hakimu akazisukuma zikaanguka. Mgeni akaziokota mwenyewe, akavaa viatu, akaomba samahani kwa Kiswahili kisha kwa Kifaransa, akatoka. Chai yake ilibaki nusu.

*

"Nilikukataza kuzigusa," alisema Mzee Kitenge. Hakupaza sauti.

"Ndiyo. Ulinikataza."

"Tangu mwaka wa kwanza nilikukataza."

"Na uliniambia juu ya nini?" Mama Hakimu alisimama. "Niambie sasa mbele ya mutoto wako. Siku gani ulifungua ile kopo ukaniita, ukasema, mama, kaa hapa, hii ni nini, hii inaogopa nini? Siku gani? Minye nilipika kando ya hiyo kopo, nilizaa kando ya hiyo kopo, ukaniachia neno moja tu, usiguse. Sawa vile mutu anakataza mbuzi."

Mzee aliisogeza sahani karibu yake.

"Na uniambie ingine," alisema mkewe, na sasa alikuwa analia, kilio cha hasira kinachotoa makamasi. "Humu Uvira, ni lini mutu alikataa kitu juu ni safi? Lini? Banakataa ya tundu. Banakataa ya alama. Banakataa hata ya jasho. Nilijua wapi minye kama kule ng'ambo banakataa ya kungaa?"

Hakimu alikuwa ameinamisha kichwa kati ya magoti. Nje Bella alikuwa ameacha kutwanga, ili asikie vizuri.

Mzee Kitenge alisema, si kwa mkewe, ni kama kwa sahani, "Ni kweli. Sikukuambia." Kwa mzee yule, hiyo ilikuwa hotuba.

Mama Hakimu alijifuta kwa ncha ya kanga. Alizitazama sarafu. Jua la mlangoni lilizipiga na zikang'aa kwa ujinga wao wote, njano tupu. Alizitazama mpaka pua ikakauka. Kisha akazikusanya, akazifunga kwenye leso, akachukua mtandio wake wa Idi.

"Mama, unaenda wapi?" Hakimu aliuliza.

"Kwa ule anajua kuangalia feza. Muvae viatu."

*

Jumamosi mchana hakukuwa na mstari dirishani. Placide alikuwa anachezea simu, na nyuma yake kulikuwa na kabati la vitu vya rehani: simu za watu, redio, cherehani, hata mabati mapya matatu yaliyoegemezwa ukutani. Mama Hakimu hakusalimia. Alifungua leso, akazipanga sarafu juu ya ubao mbele ya dirisha, moja pembeni ya nyingine, kama anaanika dagaa.

Placide aliweka simu chini.

"Hii ni nini?"

"Ni rehani. Kliniki inapokeaka rehani, ao haipokeake?"

"Inapokea." Alichukua moja. Akaiinua kwenye mwanga. Akafumba jicho moja. Akaigeuza, akaipima kwa kiganja, akaisugua kwa kidole gumba, akaangalia kidole. Akachukua ya pili.

"Iko na tundu?" aliuliza Mama Hakimu.

"Hapana."

"Iko na alama?"

"Haina."

"Imepasuka mahali?"

"Haina kitu, mama." Alisogea karibu na dirisha, sauti ikashuka. "Ni zahabu?"

"Minye ni mama wa kusugua sufuria. Weye njo mwenye kazi ya kuangalia. Uangalie, uniambie."

Placide alimtazama Mzee Kitenge, maana mambo haya huulizwa mwanamume. "Muzee, mulitoa wapi?"

Mzee Kitenge hakuwahi kusema uongo dukani na hakutaka kuanza uzeeni. "Za taji ni za Mujerumani," alisema. "Bilitengenezwa Tabora wakati wa vita yao. Batu baliniletea, nikabapa chumvi."

Yote yalikuwa kweli tupu, na Placide hakusikia hata nusu. Neno Mujerumani lilimwingia sikioni likafunga mlango. Alimeza mate. Macho yalitembea kutoka sarafu hadi mlango wa ofisi ya mkubwa wake, yakarudi. Mtu angetaka kujua mwizi anavyopata wazo, angemtazama Placide wakati ule. Hakuziweka kabatini na vitu vya wenzake. Alizikusanya haraka, akazitia mfuko wa shati, akafunga kifungo, akaandika karatasi ya kumtoa mgonjwa kwa mwandiko wa kukimbia.

"Zinakaa hapa mpaka mumalize kulipa yote," alisema. "Mukikawia, ni shauri yenu." Akagonga muhuri. Halafu ukarimu ukamzidi. "Na ile dola hamsini, mama, munayo? Muilete tu. Ni katundu kadogo."

"Haipite," alisema Mama Hakimu. "Iko na tundu."

*

Upendo alitoka akitembea kwa kuinama kidogo, mtoto mikononi, nywele za tumboni bado kichwani mwake. Jolie alimbebea furushi mpaka kizingitini, na hapo mlinzi akanyoosha fimbo, kwa uvivu, kama mtu anayezuia kuku. Jolie alimpa Hakimu furushi juu ya fimbo.

"Mufike salama," alisema. "Nikipata mutu wa kwenda Luberizi, nitamutuma akamuambie bwana yangu."

Alijua kwamba hatampata. Walijua wote. Alirudi ndani, na kabla mlango haujafungwa walimwona akiinamia beseni la mashuka. Zamu ya Upendo, aliyokuwa akimfulia, sasa ilikuwa yake kabisa.

Hawakushangilia njiani. Upendo alilia kimya kimya mpaka Songo. Hakimu peke yake ndiye aliyecheka, na kicheko chake kilikuwa kibaya. "Jumatatu sonara akifungua, Placide atazipeleka. Ule sonara atazimwagia ile maji yake ya asidi. Mungu wangu, ningependa kuona uso yake."

"Atakuja kutushitaki," Upendo alisema.

"Atushitaki kwa nani?" alijibu Mama Hakimu. "Atasema kwa mukubwa wake rehani ya kliniki ilikuwa inafanya nini mu mufuko yake, kwa sonara?"

Mzee Kitenge alikuwa anatembea nyuma. Walipofika nyumbani Bella na majirani wengine walikuwa wamejaa mlangoni kumpokea mtoto, kila mmoja akitaka kumshika. Mzee alipita katikati yao, akakaa kwenye ngazi ya jikoni, akatoa mfukoni kile kifundo cha kitambaa. Humo mlikuwa na hela chache za Tabora, nzito, nyeusi kabisa, zile alizokataa hata kumwonyesha Térence. Alizipindua kiganjani kwa kidole, moja, nyingine, kama mtu anayewaaga watoto kabla ya safari.

Mkewe alimfuata, akasimama mbele yake.

"Jumatatu sonara anafungua," alisema mzee.

"Ndiyo."

"Na kesho Placide iko dirishani?"

"Jumapili iko. Batu banazaaka kila siku."

"Ule mwanamuke wa Luberizi, akija mutu na rehani akasema ni shangazi yake, Placide atajua?"

Mama Hakimu aliingia jikoni, akatoka na jivu kwenye kifuu, ndimu iliyokatwa, na bakuli ya mchanga uliobaki kwenye sufuria tangu jana. Akaketi ngazi ya chini, akanyoosha mkono apewe sarafu.

"Hapana," alisema Mzee Kitenge. "Unionyeshe, nifanye mwenyewe."

Akamwonyesha. Ndimu kwanza, uiache ilie. Jivu. Kisha mchanga, na usiogope, kandamiza. Mzee alisugua mara ya kwanza kwa woga, kama anayeosha kidonda. Alisugua tena. Weusi ukaanza kumshika vidole, na chini yake ukingo wa taji ukatokea, njano. Alisimamisha mkono, akautazama ukingo huo. Ndani majirani walikuwa wanabishana jina la mtoto.

"Sugua na huko nyuma," Mama Hakimu alimwambia. "Ule kijana anageuzaka."